AMEKWISHA KUWA DAKTARI, MBONA BADO YU MAABARANI?

Uanagenzi wa watafiti wa nishati na vifaa, na maana yake kwa watu wa Pangani

Mwana akirejea nyumbani na shahada ya uzamivu, ile ambayo mwenye nayo huitwa daktari wa elimu, jamaa hufurahi, majirani huja kupongeza, na wazee humshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini hazipiti siku nyingi ila furaha hiyo huchanganyika na mashaka. Kijana huyo, au binti huyo, afunga tena mizigo yake. Asema amepata nafasi ya utafiti ya miaka miwili katika maabara ya nchi ya mbali. Jamaa hutazamana. Kumbe hajamaliza? Amesoma tangu utotoni hata akapindukia miaka 30, na bado yuasoma?

Swali hili halitokani na ujinga wala na ubaya wa moyo. Latokana na haki. Wazazi waliouza minazi, waliokopa, waliojinyima nguo za sikukuu ili ada ipatikane, wana haki ya kuuliza safari hii yaishia wapi. Na sisi twaona kuwa swali likikosa jawabu huzaa manung'uniko, na manung'uniko huwavunja moyo vijana wetu au huwatenga na jamaa zao. Kwa hiyo twapenda mwezi huu kulieleza jambo hili kwa utulivu: ni kazi gani hiyo ifanywayo baada ya udaktari, hufanywa wapi, ina manufaa gani na hatari gani, na kwa nini watu wa Pangani, khasa wao, wana sababu ya kulifahamu.

UANAGENZI WA PILI

Pwani yetu yajua maana ya uanagenzi. Kijana atakaye kuwa fundi wa majahazi hawi fundi siku ajuapo majina ya mbao na misumari. Hukaa na fundi mkuu, akashika tezo mbele ya macho yake, akaharibu ubao na kuambiwa sababu, hata siku moja akaachiwa ubavu mzima wa chombo auunde peke yake. Wahenga walisema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Maana yake, hata kabla hujaruhusiwa kupiga nyundo, kukaa karibu na moto ni sehemu ya kuijua kazi.

Basi na elimu ya sayansi iko vivyo hivyo. Shahada ya uzamivu humthibitisha mtu kuwa aweza kulichukua swali moja akalichunguza hata mwisho, akiongozwa na mwalimu. Haimthibitishi kuwa aweza kuchagua maswali mwenyewe, kuongoza wenzake, kuomba fedha za utafiti na kuzitumia kwa uaminifu, wala kuzimiliki ala ambazo ziko mahali pachache ulimwenguni. Hayo hujifunzwa katika miaka ijayo baada yake. Mtu wa daraja hiyo huitwa mtafiti wa baada ya uzamivu. Si mwanafunzi tena, kwa kuwa hana mitihani, na aghalabu hulipwa mshahara kwa kazi yake au posho ya utafiti. Wala si mwajiriwa wa kudumu, kwa kuwa mkataba wake huwa wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, aghalabu hata miaka 2 au 3. Yu katikati, kama yule kijana aliyekwisha kuijua tezo lakini bado hajaunda jahazi lake.

Katika elimu mbili tuzitajazo hapa, uanagenzi huu karibu haukwepeki kwa mtu atakaye kuishi kwa utafiti. Ya kwanza ni elimu ya nishati, yaani nguvu za umeme, jua, upepo, maji na gesi. Ya pili ni elimu ya vifaa, inayochunguza vitu vimeundwaje ndani yake, kwa nini chuma hushika kutu na dhahabu haishiki, kwa nini kioo huvunjika na kamba hunyumbuka, na vipi twaweza kuunda kitu kipya chenye sifa tuitakayo. Elimu hizi ni ndugu. Paneli ya jua, betri na waya wa umeme ni vifaa kabla hazijawa nishati.

MKONGE WA KIKOGWE

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya Ulaya na Marekani, yatuhusu nini sisi watu wa mlango wa mto? Twamwomba akumbuke habari ya mkonge.

Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, na ilipofika pwani yetu miche 62 tu ndiyo iliyokuwa hai. Ilipandwa Kikogwe, karibu na mlango wa Mto Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 ndipo ulipotoka mkonge wa Tanganyika. Ulienea Tanga, Muheza, Korogwe na kwingineko. Ukajenga reli na bandari, ukaleta vibarua kutoka pande zote za nchi. Na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka, ikiwa ya kwanza duniani.

Kisha ukaanguka. Wako wanaotaja kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, na uangalizi mbaya wa mashamba baada yake, na yote mawili yana sehemu yake. Lakini pigo kubwa lilikuwa limekwisha kuandaliwa mbali, mahali pasipo shamba wala jembe. Mwaka 1953, katika taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe mjini Mülheim, Ujerumani, mwanakemia Karl Ziegler na wenzake waligundua kichocheo kipya kinachoziunganisha chembe za gesi zikawa minyororo mirefu ya plastiki. Mwaka 1954, mjini Milano, Italia, Giulio Natta akakitumia kichocheo cha namna hiyo kuunda polipropilini. Mwaka 1963 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Na nyuzi za polipropilini ndizo zilizotengeneza kamba nyepesi, za bei ndogo, zisizooza upesi, zikauteka mkubwa wa soko la mkonge. Katika miaka ya 1990 mazao ya nchi yalikuwa yameshuka chini ya tani 30,000 kwa mwaka.

Twaomba jambo hili litafakariwe. Watu wa Pangani na Tanga hawakufanya uvivu. Mvua haikukatika. Kilichotokea ni kuwa watu wachache waliokaa maabarani, na wasaidizi wao vijana, walikielewa kitu ambacho sisi hatukuwa na mtu wa kukielewa kwa niaba yetu. Lau wakati ule tungalikuwa na watafiti wetu wa vifaa, huenda wasingaliizuia plastiki, lakini wangalituonya mapema, na wangaliutafutia mkonge kazi nyingine kabla soko halijafungwa.

Na kazi nyingine ipo. Katika jani la mkonge, nyuzi ni kiasi cha sehemu 4 tu katika 100 za uzito wake. Zilizobaki zilikuwa zikitupwa, zikioza na kuchafua mito. Hale, katika muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi, na gesi kuwa umeme. Na sehemu mbalimbali za ulimwengu watafiti wachanganya nyuzi za mkonge na plastiki au saruji ili kupata vifaa vyepesi na imara. Mmea ule ule uliopandwa Kikogwe, basi, ni somo la nishati na somo la vifaa kwa pamoja. Lililobaki ni nani atakayelisoma.

MAABARA ZILIZOKUWA JIRANI ZETU

Wala isidhaniwe kuwa maabara ya taifa ni kitu kigeni kabisa kwa mkoa wetu. Juu ya milima ya Usambara, mwaka 1902, Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Baadaye, wakati wa Waingereza, katika miaka ya 1930, watafiti wa Amani walifanya kazi mashuhuri ya kuzalisha mihogo yenye kustahimili ugonjwa wa batobato. Huko Mlingano, wilaya ya Muheza, kilikuwako kituo cha utafiti wa mkonge, na kazi ya vituo hivyo ilitoa chotara iliyopewa nambari 11648, ambayo baadaye ilipandwa sana hata nchini China.

Vituo hivyo viwili vyatufundisha mambo mawili. La kwanza, kuwa elimu kubwa yaweza kufanywa hapa hapa, kwa udongo wetu na mimea yetu. La pili ni zito zaidi. Walioshika daftari na darubini walikuwa wageni, na wenyeji wengi walishika mapanga na ndoo. Wageni walipoondoka, waliondoka na uanagenzi wao. Majengo yalibaki, lakini mafundi hawakuwa wamefundishwa kwa idadi ya kutosha.

Leo hali si ile tena. Karibu na Tengeru, mkoani Arusha, iko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa mwaka 2012. Ndani yake mna skuli inayojumlisha elimu ya vifaa, nishati, maji na mazingira, na hufundisha shahada za uzamili na uzamivu. Nayo haiko mbali na Pangani kama inavyodhaniwa, kwa maana maji ya Mlima Meru hushuka kwa mto Kikuletwa, yakaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na maji ya Kilimanjaro, kisha yakateremka hata yakaizungusha mitambo ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, na mwisho yakafika baharini mbele ya mji wetu. Asomaye elimu ya maji na umeme Arusha ausoma mto wetu kutoka upande wa kichwa.

Miongoni mwa walimu wa taasisi hiyo ni Dkt. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali, wilaya ya Karatu. Alikwenda Korea Kusini akasoma uhandisi wa kemikali hata uzamivu, akazamia katika vifaa vya chembe ndogo mno ziitwazo nano. Aliporejea, aliitumia elimu hiyo kwa tatizo alilolijua tangu utoto wake, nalo ni maji machafu. Alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe za nano, na linaloweza kurekebishwa kwa kadiri ya uchafu wa mahali palipo na tatizo; kwani pengine tatizo ni vijidudu, na pengine, kama katika maeneo mengi ya kuuzunguka Mlima Meru, ni floridi iliyopita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo huyatia meno rangi ya kahawia na ikizidi sana huipinda mifupa ya watoto. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa tuzo yake ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi, ya pauni 25,000, na huo ndio uliokuwa mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo. Tumemtaja kwa sababu mfano wake wajibu swali la wazee: safari hii yaweza kuishia kwenye ndoo ya maji ya nyumbani.

KAZI YENYEWE HUFANYWA VIPI

Maabara ya taifa, katika nchi zilizoendelea, ni nyumba ya utafiti ijengwayo kwa fedha za serikali ili kuchunguza mambo makubwa ambayo chuo kimoja au kampuni moja haiwezi kuyagharimia. Wizara ya Nishati ya Marekani ina maabara za namna hiyo 17. Iko ya Argonne, karibu na Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1946; iko ya Oak Ridge, Tennessee, iliyoanzishwa mwaka 1943; iko ya Lawrence Berkeley, California, iliyoanza mwaka 1931; na iko ya Golden, Colorado, iliyofunguliwa mwaka 1977 kwa ajili ya nguvu za jua. Ujerumani nayo ina vituo vya jumuiya ya Helmholtz, na nchi nyingine zina vyao.

Huko ndiko ziliko ala ambazo mtafiti hazipati kwao. Argonne, mathalani, mna mtambo wa duara ambao mzingo wake wapita kilomita moja. Chembe za umeme huzungushwa humo kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, hata zikatoa miale ya eksirei yenye nguvu nyingi mno. Kwa miale hiyo mtafiti aweza kuitazama betri ndani yake wakati ikijazwa umeme, akaona ni wapi inapoanza kuharibika. Mtafiti wa baada ya uzamivu hupewa sehemu moja ya kazi kama hiyo. Hutayarisha sampuli, huomba zamu ya mtambo, hukesha usiku zamu ikiangukia usiku, hupima, hukokotoa, huandika makala, na hujibu hoja za wataalamu wengine kabla makala haijakubaliwa kuchapishwa. Makala hizo ndizo mtaji wake. Mwajiri wa baadaye hutazama aliloligundua mtu zaidi ya kutazama vyeti vyake.

Vijana wetu na wajue pia jambo ambalo aghalabu halisemwi. Si lazima mtu ahamie huko ndipo atumie mitambo hiyo. Mingi hufunguliwa kwa watafiti wa nje wanaoshindana kwa maombi ya maandishi, na hawatozwi malipo ikiwa matokeo yao yatachapishwa wazi. Hata Jordan uko mtambo wa miale ya namna hiyo, uitwao SESAME, uliofunguliwa mwaka 2017, ambao Misri, Pakistan, Uturuki, Iran, Palestina na Jordan yenyewe ni miongoni mwa wanachama wake. Tena, mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, kilianzisha mpango wa kimataifa wa sayansi ambao kwa miaka mingi ulisaidia wanafunzi wa uzamivu wa nchi kama zetu wabaki wameandikishwa katika vyuo vya kwao, wakaenda Uswidi kwa miezi kadhaa na kurudi. Watafiti wa fizikia ya nguvu za jua wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walionufaika na njia hiyo.

MIFANO MIWILI

Tutaje watu wawili mashuhuri, ili ionekane kuwa uanagenzi huu umewapitia hata wakubwa.

Ahmed Zewail alizaliwa Damanhur, Misri, mwaka 1946, akasoma Aleksandria, kisha akapata uzamivu Pennsylvania, Marekani, mwaka 1974. Hakuwa bingwa siku ile. Alikwenda Berkeley akawa mtafiti wa baada ya uzamivu kwa miaka miwili, ndipo mwaka 1976 akapata kazi katika chuo cha Caltech. Huko ndiko alikovumbua njia ya kuzitazama chembe zikiungana na kuachana katika muda mfupi usiofikirika, na mwaka 1999 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kabla ya kufa kwake mwaka 2016 alishughulika kuanzisha mji wa sayansi katika nchi yake ya Misri.

Omar Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika jamaa ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumba ya watu wengi na nafasi haba. Alipelekwa Marekani akiwa na miaka 15. Alipata uzamivu Illinois mwaka 1990, akawa mtafiti wa baada ya uzamivu Harvard kwa miaka miwili, ndipo akapata maabara yake mwenyewe. Yeye na wenzake wameunda vifaa vyenye matundu madogo mno, hata gramu chache za kifaa hicho huwa na eneo la ndani sawa na kiwanja cha mpira. Vingine vyaweza kuyanasa maji kutoka katika hewa ya jangwa. Mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson.

Hatusemi kila kijana atakuwa kama hao. Twasema tu kuwa miaka ile miwili, ambayo mjomba angeiita kupoteza wakati, kwao ilikuwa ndiyo daraja.

TAHADHARI ZINAZOPASA

Haitakuwa haki kuisifu njia tukaificha miba yake. Kwanza, wengi wa watafiti wa daraja hii hawapati kazi ya kudumu katika maabara ile ile. Mkataba ukiisha, umekwisha. Basi ajuaye hilo na aanze kutafuta hatua ijayo mwaka mmoja kabla, wala asingoje mwezi wa mwisho.

Pili, kijana na aulize mapema kazi yenyewe ni ya nini na fedha zake zatoka wapi. Baadhi ya maabara za taifa, kama Los Alamos na Livermore za Marekani, zina jukumu la silaha za nyuklia pamoja na utafiti wa amani. Elimu ni amana, na mwenye amana huuliza itatumika wapi.

Tatu, milango ya nchi za mbali hufunguliwa na kufungwa kwa amri za serikali zake. Zipo hati za kuingilia Marekani ambazo kwa baadhi ya wageni humpasa mtu kurejea kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi. Asiyetaka kukwama na aombe nafasi katika nchi zaidi ya moja, nazo za Afrika zikiwamo.

Nne, yuko msimamizi mwema na yuko mbaya. Mwema humtaja msaidizi wake katika makala na humfungulia njia. Mbaya humtumia kama mashine. Kabla ya kutia sahihi, kijana na awaandikie waliowahi kufanya kazi chini ya mtu huyo awaulize.

NENO KWA WAZEE

Enyi wazazi, hesabu ya miaka si siri. Shahada ya kwanza huchukua miaka 3 au 4, uzamili 2, uzamivu 3 hata 5, na utafiti wa baada yake 2 hata 4. Mtu hufika miaka 32 au 35 ndipo akasimama imara. Katika muda huo atataka kuoa au kuolewa, na nyinyi mtahitaji msaada wake. Twashauri mambo haya yasemwe wazi nyumbani kabla ya safari: atapata kiasi gani, kodi ya nyumba huko ni kiasi gani, aweza kuleta nini kwa mwezi bila kujidhalilisha, na ataoa lini. Mkataba wa maneno ya kweli kati ya mzazi na mwana huondoa fitina nyingi. Wala asihimizwe kuleta fedha asizokuwa nazo, kwa kuwa aliyebanwa na deni la fahari hawezi kukesha na vipimo.

Na khasa twasema juu ya mabinti. Miaka ya uanagenzi huu ndiyo miaka ya ndoa na uzazi, na wasichana wengi wenye akili huishia hapo, si kwa kushindwa na fizikia bali kwa kukosa anayewashikia mtoto. Liko shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, OWSD, lililoanzishwa mwaka 1987 na lenye makao yake Trieste, Italia. Hutoa ufadhili wa uzamivu kwa wanawake na msaada kwa walio mwanzoni mwa kazi ya utafiti. Lakini hakuna shirika liwezalo kuchukua mahali pa mama, shangazi au mume mwema. Nyumba inayomsaidia binti kumaliza kazi yake yajenga kitu ambacho wajukuu watakirithi.

NENO KWA VIJANA, NA KWA WAKUBWA WA NCHI

Enyi vijana wa Pangani, maswali ya elimu yamelala milangoni mwenu. Kwa nini mabati ya nyumba za ufukweni huliwa na kutu upesi kuliko ya Korogwe? Ni kwa sababu chumvi ya bahari huuvunja utando unaokilinda chuma. Kwa nini nguzo za saruji zenye nondo hupasuka baada ya miaka michache, ilhali kuta za kale za mawe na chokaa zingali zimesimama? Ni kwa sababu nondo ikishika kutu huvimba ikaipasua saruji, na chokaa ya kale haina chuma ndani yake. Paneli ya jua itadumu vipi katika hewa ya chumvi? Maji ya mto yakipungua kwa kutumiwa na mashamba na mitambo ya juu, bahari yapanda hadi wapi ndani ya mto, na minazi na mpunga vyastahimili kiasi gani? Haya si maswali ya kuigiza. Anayeyapima vizuri hapa aweza kuyapeleka Argonne au Uppsala akasikilizwa, kwa kuwa pwani zenye chumvi ziko dunia nzima. Shikeni hisabati, fizikia na kemia tangu skuli ya sekondari, na jifunzeni kuandika kwa usafi. Makala mbovu huzika vipimo vizuri.

Na kwa wenye madaraka twasema neno moja. Tanzania ina Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ina TIRDO kwa utafiti wa viwanda. Ina vyuo vikuu, na ina bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Nchi yenye umeme wa kiasi hicho haiwezi kuendelea kuagiza kila jibu. Lakini mtafiti arejeaye akakuta hakuna ala, wala fedha ya kemikali, wala fundi wa kutengeneza mashine iliyoharibika, hukaa mwaka mmoja ofisini, kisha huondoka kimya. Na iwekwe nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu hapa nchini, yenye mkataba, mshahara na vifaa, ili uanagenzi huu uwe na karakana ya nyumbani. Hapo ndipo yule aliyekwenda mbali atakapokuwa na mahali pa kurudi, na yule asiyeweza kusafiri atakapokuwa na mahali pa kuanzia.

Miche 62 ilitosha kuleta mkonge nchini, kwa sababu ilipata udongo na mtu wa kuitunza. Mabinti na vijana wetu waliopata uzamivu si wengi, na kila mmoja wao ni mche uliovuka bahari ukiwa hai. Akiulizwa tena na jirani kama bado yuasoma, mzazi na ajibu kwa fahari kuwa amekwisha kusoma, na sasa yu kazini akiufahamu ulimwengu kwa niaba yetu. Tumwombe Mwenyezi Mungu awape subira wao na jamaa zao, na awarejeshe kwa salama na manufaa.